Mnapulizia madafu, utitiri uko kwenye vitale

Juzi nimesimama chini ya mnazi nikimtazama mkwezi anamwagia dawa ya utitiri, wale wadudu wadogo wanaonyonya nazi changa, kwenye makuti na madafu yaliyokwisha kupasuka ganda, mpaka bomba likakauka. Dawa ya mwarobaini, ile ya nano, ya bei. Mwenye shamba akanituliza: "Bwana shamba, hii ni nano, inapenya yenyewe."

Haipenyi yenyewe, mzee wangu. Nano maana yake matone ni madogo mno: panga 2,000 yenye upana wa nanomita 100, ndipo ufikie urefu wa utitiri mmoja, ambao nao ni kama milimita 0.2 tu. Udogo huo unaisaidia dawa kupita kwenye upenyo wa kofia ya kitale, yaani nazi changa isiyofikia dafu, pale kilipoungana na kikonyo. Lakini kofia isipolowa, ipite wapi?

Chuma kitale chenye alama nyeupe ya pembetatu inayochungulia chini ya kofia. Ibandue kwa kisu, utazame kwa lenzi: utaona kama vumbi jeupe, ila linatembea. Huo ndio utitiri, na hapo ndipo unaponyonya. Dafu lenye makovu ya kahawia utitiri umeshalihama karibu wote, na kovu halifutiki hata ulioge dawa.

Kwa hiyo hesabuni makole, yaani mashada ya nazi. Mnazi mrefu hutoa takriban moja kila mwezi. Lililofunguka karibuni ni la kwanza. Liacheni, nyuki wako kazini. Pulizia la pili hadi la sita, mdomo wa bomba ukielekea kwenye kofia, mpaka zichuruzike. Lita 1 hadi 1.5 inatosha mnazi mmoja. La saba kushuka chini, hata tone usipeleke! Nazi pevu ziangusheni kabla ya kupulizia, na siku za kusubiri kuvuna zifuateni kama lebo inavyosema.

Kipimo nacho ni cha lebo, kwa bomba la sindano lenye mililita. Vifuniko vya soda nimechoka kuviona. Na sabuni mnaitia ya nini? Ya nano imeshachanganywa kiwandani. Ukiongeza sabuni yako, mafuta yanaweza kujitenga yakaelea. Sabuni ni ya ile ya kujitengenezea: mililita 20 za mafuta ya mwarobaini, gramu 20 za kitunguu saumu kilichotwangwa na kuchujwa, gramu 5 za sabuni, kwa lita 1 ya maji. Kisima cha maji ya chumvi kisitumike kwa yoyote kati ya hizo mbili. Ulichokoroga leo kiishe leo.

Pulizeni asubuhi, saa 12 hadi saa 2, kabla upepo haujaamka: mara moja masika yakiisha, tena kabla ya vuli, tena Januari. Vitale vipya vikitoka safi, mmepatia.

Chupa isiyo na namba ya usajili ya TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, irudisheni dukani.