Kwenda Naxos kwa meli na kuzunguka kisiwani, hatua kwa hatua

Kati ya visiwa vya Cyclades nchini Ugiriki, Naxos ndicho kikubwa kuliko vyote, na ndicho tunachompendekezea mtu anayekwenda huko mara ya kwanza: kina mabasi, milima na fukwe ndefu za mchanga. Kabla ya hoteli, panga meli. Na kabla ya meli, ufahamu upepo.

Hatua ya 1: Karatasi

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo au Oman anahitaji viza ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Kama unaishi Ujerumani au Ufaransa, kibali chako cha ukaazi pamoja na pasipoti vinatosha. Kibali cha Uingereza hakitoshi.

Ukitaka kukodi gari na leseni yako ni ya Afrika Mashariki, chukua leseni ya kimataifa nyumbani kabla ya kuondoka.

Hatua ya 2: Chagua meli

Hapa ndipo wengi hukosea. Julai na Agosti huvuma meltemi, upepo mkavu wa kutoka kaskazini. Aliyezoea kaskazi ya pwani yetu ataelewa haraka: mbingu ni safi, jua linawaka, na bahari imechafuka. Kwa hiyo usiangalie mawingu, angalia utabiri wa upepo. Upepo ukifika nguvu ya 8 au 9 kwa kipimo cha upepo cha Beaufort, mamlaka ya bandari huweza kuzuia hata meli kubwa. Boti za kasi husimamishwa mapema zaidi.

Kutoka Piraeus, bandari ya Athens, meli kubwa ya kawaida huchukua saa 5 hadi 6. Boti ya kasi, saa 3 na nusu hadi 4 na nusu. Sisi tunashauri meli kubwa. Haiyumbi sana, ina sitaha ya wazi ya kupunga hewa, na nauli yake ni ndogo. Ndani ya boti ya kasi umefungiwa, na mawimbi yakiwa makubwa abiria wengi hutapika.

Tiketi ya daraja la chini haina kiti maalumu. Ongeza euro chache upate kiti chenye namba, hasa ukisafiri na watoto au wazee. Jina kwenye tiketi lifanane na la kwenye pasipoti. Siku zinazozunguka tarehe 15 Agosti, sikukuu kubwa ya Bikira Maria, meli hujaa kabisa, kwa hiyo kata tiketi mapema.

Ndege kutoka Athens ipo na huchukua kama dakika 40. Lakini njia ya kurukia ya Naxos ni fupi na hupokea ndege ndogo tu, kwa hiyo viti huisha upesi.

Hatua ya 3: Uwanja wa ndege hadi Piraeus

Metro ya bluu, laini ya 3, hufika Piraeus moja kwa moja tangu 2022. Nauli ni euro 9 na safari ni kama saa nzima. Basi la X96 hutembea usiku na mchana kwa euro 5.50, ila huweza kuchukua saa 1 na nusu. Meli ya asubuhi huondoka kati ya saa 1 na saa 2, na metro ya kwanza kutoka uwanjani haikupi nafasi ya kutosha. Panda X96 usiku au lala Piraeus. Kwenye metro, simu na pochi viwe mbele yako. Wezi hulenga wenye masanduku.

(Majira ya joto saa za Ugiriki ni sawa na za Nairobi na Dar es Salaam, kwa hiyo huna haja ya kurekebisha saa.)

Bandari ina mageti kuanzia E1 hadi E12. Meli za Cyclades mara nyingi hutumia E6 na E7, karibu na stesheni. Hakikisha geti lako siku hiyohiyo, maana E1 iko mbali kwa miguu.

Hatua ya 4: Kupanda na kushuka

Fika saa moja kabla. Unaingilia mlango wa nyuma, panapoingilia magari, na mizigo huachwa kwenye rafu za kisiwa unachokwenda. Tafuta ΝΑΞΟΣ, yaani Naxos kwa herufi za Kigiriki. Rafu ya ΠΑΡΟΣ ni ya Paros, ambako meli nyingi hutia nanga kwanza. Wageni hushuka huko wakidhani wamefika. Tangazo la Naxos likitolewa, teremka mara moja kwenye gereji: meli haikai bandarini.

Hatua ya 5: Kuzunguka

Stendi ya KTEL, mabasi ya umma, iko mbele ya bandari ya Chora, mji mkuu wa kisiwa. Nunua tiketi kabla ya kupanda, ofisini au dukani. Majira ya joto mabasi ya fukwe za Agios Prokopios, Agia Anna na Plaka ni mengi. Ya vijiji vya mlimani vya Chalki, Filoti na Apeiranthos ni machache, kwa hiyo piga picha ratiba ya kurudi kabla hujaondoka.

Kwa kijiji cha Apollonas, kwenye sanamu ya marumaru ya zaidi ya mita 10 iliyoachwa machimboni bila kumalizika, gari ni bora. Jaza mafuta Chora. Soma mkataba: bima nyingi hazilipi matairi wala sehemu ya chini ya gari, na barabara za mlimani ni nyembamba, zenye mbuzi.

Mlima Zas una zaidi ya mita 1,000. Anzia kanisa la Agia Marina. Njia hiyo ni nafuu kuliko ya chemchemi ya Aria. Vaa viatu vilivyofunika mguu, beba maji lita 2, na uanze alfajiri.

Hatua ya 6: Kurudi

Rudi Athens siku moja kamili kabla ya ndege yako. Meli ikifutwa, una haki ya kuchagua: kurudishiwa nauli au kupelekwa kwa meli nyingine. Lakini ikifutwa kwa sababu ya hali ya hewa ya hatari, kampuni hailazimiki kukulipia hoteli. Nenda ofisi ya tiketi ya bandarini mapema, kwa sababu meli ya kwanza baada ya upepo kutulia hujaa haraka.