Kuendesha Gari Mwenyewe Tsavo Mashariki Wakati wa Ukame

Ukame ukishika, hifadhi ya Tsavo Mashariki nchini Kenya haina pa kuficha wanyama. Nyasi zimeisha, vichaka vimepukutika, na kila mwenye kiu anajulikana atapita wapi. Ndiyo maana wengi hupanga kwenda kati ya Agosti na Oktoba, au mwaka ambao vuli imegoma kabisa. Huo ndio wakati pia dereva asiyejua anapoweza kumwumiza mnyama bila hata kumkaribia. Mwongozo huu ni wa anayeendesha gari lake mwenyewe na kuingilia lango la Voi.

Hatua ya 1: Jua ukame unavyoua

Anza na hili kabla hujagusa gari. Wengi hudhani wanyama wa Tsavo hufa kwa kiu. Mara nyingi hufa kwa njaa, tena karibu na maji. Katika ukame wa 1970 na 1971 walikufa ndovu kwa maelfu, wengi wao majike na ndama, na mto Galana ulikuwa na maji. Kilichokuwa kimekwisha ni malisho ya kandokando ya mto. Jike mwenye ndama hawezi kwenda mbali na maji, na ndama hawezi kwenda mbali na mama. Kila siku chakula kinasogea mbele kidogo, nao wanabaki kuzunguka palepale hadi nguvu ziwaishie.

Mwaka 2022, baada ya misimu kadhaa mfululizo kukosa mvua, Wizara ya Utalii ya Kenya ilitangaza kwamba kati ya Februari na Oktoba nchi ilipoteza ndovu 205, nyumbu 512 na pundamilia wa kawaida 381. Tsavo na Amboseli zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi.

Kwa hiyo ukimzuia ndovu njiani anapokwenda kunywa, usidhani umemchelewesha dakika kumi tu. Umemla nguvu ambazo hana pa kuzirudishia. Karibu kila ninachosema hapa chini kinatokana na hilo.

Hatua ya 2: Andaa gari

Gari linalovuta magurudumu yote manne ni bora, ingawa barabara kuu za Voi hadi bwawa la Aruba hupitika kwa gari la kawaida lililoinuka vizuri wakati wa kiangazi. Adui yako ni vumbi jekundu. Safisha chujio la hewa kabla ya safari na ubebe la akiba. Kagua rejeta na mipira yake, maana ukitembea polepole juani upepo wa kuipoza ni mdogo. Beba spea mbili ukiweza, jeki pamoja na kipande cha ubao cha kuiwekea chini (mchanga humeza jeki), kamba ya kuvutia gari, kipimo cha upepo wa matairi na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari.

Ukiingia, punguza upepo wa matairi hadi karibu 26 au 28 kwa kipimo cha psi, usishuke zaidi ya hapo kama gari limejaa watu. Barabara za ndani zina mikunjo kama bati, na matairi magumu yatakupigia gari hadi nati zilegee.

Jaza tangi mjini Voi. Usitegemee kupata mafuta ndani.

Hatua ya 3: Maji yako, na malipo

Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja na kutupa haziruhusiwi katika hifadhi za Kenya, na mifuko ya plastiki ilikatazwa nchi nzima tangu 2017. Yale makatoni ya chupa za maji yaache nyumbani. Chukua jerikeni safi la lita 20 na chupa za kudumu. Mimi huhesabu lita 5 za kunywa kwa kila mtu kwa siku, kisha jerikeni jingine lisiloguswa, la rejeta na la dharura. Usipange kuomba maji kambini: msimu huu nao wanayapima.

Malipo ya kuingia hufanywa kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, si kwa pesa taslimu. Lipa jioni iliyotangulia, ili asubuhi usisimame langoni ukitafuta mtandao huku simba wanarudi kivulini. Hifadhi ramani kwenye simu kabisa. Njia panda nyingi zina vinguzo vya mawe vyenye namba; piga picha kila unachopita.

Hatua ya 4: Panga siku kwa kufuata maji

Hifadhi hii ina zaidi ya kilomita za mraba 13,000, na mwendo wa juu unaoruhusiwa ni kilomita 40 kwa saa. Huwezi kuiona yote, na wala usijaribu. Muulize askari wa KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) langoni swali moja: maji yako wapi wiki hii?

Swali hilo lina maana. Bwawa la Aruba, lililojengwa 1952 kwenye mto Voi, hukauka ukame ukizidi, kwa sababu mto wenyewe ni wa msimu. Nimewaona watu wakienda moja kwa moja Aruba kwa sababu ya picha za zamani na kukuta udongo uliopasuka. Likiwa limekauka, tazama mkondo wa mto Voi: ndovu huchimba visima mchangani kwa miguu na mkonga, na wanyama wengine husubiri zamu. Mudanda nako kuna bwawa chini ya jabali refu, na ni mahali panaporuhusiwa kushuka na kutazama ukiwa juu. Galana ndio tegemeo la mwisho, ila kwenda na kurudi kutoka Voi kutakula sehemu kubwa ya siku yako.

Chagua sehemu mbili tu: moja ya alfajiri, moja ya kuanzia saa 10 alasiri. Katikati, pumzika. Ukitaka kuendelea kutazama, tafuta wasiohitaji kunywa kila siku: choroa, na swala twiga anayesimama kwa miguu ya nyuma kufikia majani ya juu. Hao utawakuta mbali na maji, na wako katika hali nzuri kuliko nyati.

Hatua ya 5: Kuegesha penye maji

Hapa ndipo kazi ilipo.

Simama mbali kabla hujafika, utazame ardhi. Njia za ndovu zinaonekana wazi, zimekanyagwa hadi kuwa laini, na zote huelekea majini. Usiegeshe juu ya njia hata moja, wala kati ya maji na kichaka kilicho karibu. Kaa upande ambao upepo unatoka kwa wanyama kuja kwako. Elekeza pua ya gari unakotokea, ili ukihitaji kuondoka usianze kurudi nyuma na kugeuza. Kisha zima injini.

Sasa subiri. Kundi likija, litasimama na kunusa kabla ya kusogea. Usiwashe gari ili upate pembe nzuri ya picha. Ndovu mmoja anaweza kunywa zaidi ya lita 100, na majike hupisha ndama. Jambo hilo halina haraka. Pundamilia na ngiri wanaosimama nyuma wakisita wanaangalia mambo mawili: simba na wewe.

Yakifika magari matatu au manne, ondoka hata kama ulikuwa wa kwanza. Najua inauma.

Hatua ya 6: Kumsoma ndovu

Ndovu mwenye njaa hana subira ya kawaida. Akiinua kichwa, akatandaza masikio na kukutazama uso kwa uso, umeshakaribia mno. Dume mwenye majimaji yanayochuruzika kati ya jicho na sikio, na mkojo unaomdondoka miguuni, mpe nafasi mara mbili ya uliyodhani inatosha. Ukikutana naye barabarani, rudi nyuma taratibu, usipige honi, na umwache apite. Barabara ni yake.

Hatua ya 7: Mizoga na wanyama dhaifu

Utaviona. Usishuke, kwa kuwa penye mzoga pana fisi na simba, na ugonjwa kama kimeta hauonekani kwa macho. Chukua namba ya njia panda iliyo karibu, kamwambie askari langoni. Kama mzoga una pembe za ndovu, usiweke picha wala mahali mtandaoni. Kuokota pembe au kipande chake ni kosa la jinai.

Watoto watakuomba ummwagie maji ndama aliyeachwa. Usifanye hivyo. Ripoti kwa KWS. Sheldrick Wildlife Trust, inayolea ndovu yatima, ina kituo papo hapo Voi na huwachukua wanaoweza kuokolewa. Nyani na tumbili nao usiwape chakula hata wakikutolea macho ya huruma. Watakifungua hata kioo.

Huenda pia ukakuta ng'ombe ndani ya hifadhi. Mchungaji ana ukame uleule. Si kazi yako kubishana naye. Endelea na safari.

Hatua ya 8: Mvua ya kwanza ikikukuta ndani

Ukiona wingu limejikusanya, acha njia za udongo mweusi mara moja na urudi kwenye barabara ya changarawe, kwa sababu udongo huo ukilowa hata gari lenye nguvu linateleza kando. Usivuke mkondo wa mto unaotiririka, hata ukionekana wa kifundo cha mguu. Maji yanaweza kuwa yametoka mvua ya mbali. Ukikwama, kaa ndani ya gari, piga simu kabla jua halijazama.

Ukitoka langoni, rudisha upepo kwenye matairi kabla hujaingia barabara ya Mombasa. Tairi laini kwa mwendo wa lami hupata moto na kupasuka, na malori ya pale hayatakupisha.