Kutia kiraka OpenSSL ya Debian 12

Tundu la usalama la OpenSSL, laibrari ya usimbaji fiche, likitangazwa, tafuta komiti (badiliko la msimbo lililorekodiwa) iliyoliziba kwenye tawi la `openssl-3.0`, uihifadhi kama `tundu.patch` kwenye saraka utakayofanyia kazi. Ya `master`, tawi kuu, iache; mara nyingi hugusa msimbo ambao Debian 12 haina. Hakikisha mistari ya `deb-src` (ya msimbo chanzo) imo kwenye vyanzo vya apt, kisha:

```
sudo apt install devscripts quilt
sudo apt build-dep openssl
apt source openssl
cd openssl-3.0.*/
export QUILT_PATCHES=debian/patches
quilt import ../tundu.patch
quilt push
```

Viraka vya Debian vyenyewe huwa vimeshatiwa furushi linapofunguliwa, kwa hiyo chako kinakaa juu yake.

Quilt ni chombo cha kupanga viraka; soma jibu la `quilt push` kwa makini. Likitaja `fuzz`, mistari jirani haikulingana sawasawa, na `dpkg-source` itakikataa kiraka hicho. Wengi hukimbilia `quilt refresh` hapo hapo. Ngoja kwanza: OpenSSL imejaa vipande vinavyofanana, hasa vile vya kuachilia kumbukumbu baada ya lebo ya `err:`, na kiraka huweza kutua ndani ya fankshoni nyingine kompaila isilalamike. Fungua faili, hakiki jina la fankshoni, ndipo uendelee:

```
quilt refresh
quilt header -e --dep3
dch --local +kiraka "Ziba tundu"
dpkg-buildpackage -us -uc
```

Majaribio yanayoendeshwa wakati wa kujenga yakianguka, usiyazime kwa `nocheck`. Jenga furushi lisiloguswa kwenye saraka nyingine ulinganishe. Tarehe 1 Juni 2022 vyeti vya majaribio viliisha muda, majaribio yakaanguka bila mtu kugusa msimbo.

Linganisha faili mbili za `.dsc`, ya Debian na yako, kwa `debdiff`: zionekane changelog, `series` (orodha ya viraka) na kiraka chako tu. Kiraka kikibadilisha umbo la struct (muundo wa data) iliyo kwenye vichwa vya umma, kitupe. Programu zilizokwisha kujengwa zitasoma mahali pasipo pake.

Na usibuni kiraka chako mwenyewe bila kukipeleka kwa wenye mradi wakikague. Mwaka 2006 Debian iliondoa mstari uliokuwa ukilisha entropi (unasibu wa kutengenezea funguo) kwenye OpenSSL, kwa sababu Valgrind, chombo cha kukagua kumbukumbu, ililalamikia kumbukumbu isiyoanzishwa. Kilichobaki kutofautisha funguo ni namba ya mchakato: uwezekano 32,768 tu kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo. Tatizo hilo, CVE-2008-0166, lilitangazwa Mei 2008, na funguo zote zilizotengenezwa kwa OpenSSL hiyo hapo katikati zikalazimika kutupwa.

Sakinisha, kisha tafuta huduma ambazo bado zimeshikilia laibrari ya zamani:

```
sudo apt install ../libssl3_*.deb ../openssl_*.deb
sudo lsof -nP | grep 'DEL.*libcrypto'
```

Tafuta `libcrypto`, si `libssl`, maana `sshd` haipakii `libssl` na ingekuponyoka. Kila inayojitokeza iwashwe upya. Debian ikitoa sasisho linalofuata (lenye `deb12u` kwenye namba ya toleo), namba yake itaizidi yako na apt itaisakinisha juu yake. Soma changelog kabla ya kuiruhusu, uone kama tundu lile limezibwa humo pia.