Kola Zinazorudi: Namna ya Kuzuia Kazi Isirudi Nyuma Kwenye Laini

Nimesimamia laini ya kushona mashati, ambamo kila fundi hushona sehemu yake na kumpitishia anayefuata, kwa miaka mingi, na kila asubuhi naanzia kwenye kapu la mkaguzi, yanapokaa mashati ya kurudishwa. Shati likirudi kwa fundi wa kola, anaacha kola mpya, anachukua kiwembe, anafumua. Fundi wa mikono anayemsubiri anakaa bure, na aliyemtangulia anazidi kumrundikia vipande. Shati moja limekwamisha watu watatu.

Anza kwa kuhesabu. Weka karatasi mezani kwa mkaguzi. Kila kinachorudi kiandikwe ni kasoro gani, ilizaliwa hatua ipi, imegunduliwa hatua ipi. Jina la fundi lisiandikwe kabisa. Sisi tuliwahi kuandika majina, na kasoro zikaanza kufichwa katikati ya mafungu ya vipande. Wala asilimia nzuri zisikupumbaze: laini ikiwa na hatua 10, na kila hatua ikitoa kazi safi 95 kwa 100, mashati yatakayofika mwisho bila kufumuliwa popote ni kama 60 tu kwa kila 100.

Kisha ifuate kasoro mpaka ilikozaliwa. Kwetu zilikuwa ncha za kola: moja ndefu, moja fupi, tofauti ya milimita 3 hivi. Fundi alilaumiwa mpaka akawa hasemi na mtu. Nikaenda kukaa naye nusu saa, nikamwomba ile pateni ya kadibodi anayoichorea mstari wa kushona. Nilipoikunja katikati, ncha zake hazikukutana. Upande mmoja ulikuwa umelika, kalamu imepita hapo kila siku kwa miezi. Tukakata pateni ya bati, kola zikaacha kurudi. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, maana lawama ilikuwa ya mbele yao pia.

Ukishajua chanzo, weka kitu kitakachofanya kosa lishindikane au lionekane papo hapo. Mhandisi Mjapani Shigeo Shingo alikutana na wafanyakazi waliokuwa wakisahau kuweka springi ndani ya swichi. Dawa yake ilikuwa kisahani: kabla ya kuanza, toa springi mbili uziweke humo. Ikibaki moja, swichi haijakamilika. Njia za namna hiyo ndizo zinazoitwa poka-yoke. Kwa mfuko wa shati, kipande cha chuma kilichofungwa kwenye bamba la cherehani kinatosha kuelekeza kitambaa.

Punguza ukubwa wa mafungu. Fungu la vipande 30 likiwa na kosa, wa mbele ataligundua wakati vyote 30 vimeshaharibika. Sisi tulishuka hadi 5. Watu walinung'unika kwamba wanainuka mno, basi tukasogeza cherehani karibu, kipande kinapita mkono kwa mkono.

Na kila fundi akague alichopokea kabla ya kuongeza chake, awe na ruhusa ya kusimamisha laini akiona kasoro. Aliyeikosea aitwe hapo hapo, airekebishe mwenyewe akiiona. Meza ya fundi maalumu wa marekebisho naipinga: inawanyima wengine nafasi ya kuyajua makosa yao.

Kapu la mkaguzi tulilibadilisha pia. La sasa linabeba mashati 5. Likijaa, cherehani zote zinazimwa na tunakusanyika pale.