Jinsi ya kuupanga mtaa wenu dhidi ya kipindupindu kabla ya masika

Kipindupindu kilichoanza Dar Agosti 2015 kilisambaa mikoa mingi ya bara hadi Zanzibar, na bado kwenye mitaa mingi tunasubiri wagonjwa waanze kubebwa ndo mkutano uitishwe. Msisubiri. Masika ni Machi mpaka Mei, kwahiyo Januari muwe mshaanza.

Anzia kwa mjumbe wako, yeye awafikishe kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, waitishe mkutano na afisa afya wa kata awepo. Wahudumu wa afya ya jamii lazima waitwe maana wao ndo wanaingia majumbani, waiteni pia mama lishe, wasukuma mikokoteni ya maji na mafundi wa kutapisha vyoo. Na wenye nyumba jamani! Wengi wanaishi mbali, wanachukua kodi tu, alafu mpangaji ndo anaambiwa ajenge choo. Mtendaji awapigie simu mmoja mmoja.

Baada ya hapo zungukeni mtaa mzima pamoja na afisa afya, mkichora kwenye karatasi visima viko wapi na vyoo gani vimejaa. Hapa msiende haraka. Mvua ikinyesha usiku kuna watu wanatoboa ukuta wa shimo la choo kinyesi kiende na maji ya mtaroni, asubuhi watoto wanakanyaga hayo hayo maji na kisima cha jirani kimeshaingiliwa. Ukileta faini peke yake watu watazidi kujificha, mimi naona bora muulizane kwanini hawaiti gari la majitaka, na mara nyingi utasikia bei kubwa au uchochoro mwembamba gari haliingii. Basi nyumba kadhaa zijiunge zinyonyewe siku moja ili mpatane bei, na pale gari lisipofika mtendaji aandike barua halmashauri kuomba pampu ndogo, mbaki na nakala yenye muhuri mpate pa kufuatilia.

Maji nayo, mwombeni afisa afya apime klorini (dawa ya kuua vijidudu kwenye maji) bombani au kisimani, alafu apime na kwenye ndoo za nyumbani, maana maji yanaweza kutoka salama yakachafuliwa na kikombe kinachochovywa ndani kwa mkono. Ndoo iwe na mfuniko na koki. Majibu yasomwe mkutanoni wote wasikie, yasiishie ofisini.

Mtu akianza kuharisha maji maji kama ya mchele mpe ORS (unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji kurudisha maji mwilini) palepale. Kama pakiti hamna, maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko cha chai, vijiko visawazishwe, usizidishe chumvi. Mkimbize kituoni huku anaendelea kunywa, na mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Mjulishe mhudumu wa afya siku hiyohiyo au piga 199 ya Wizara ya Afya, ni bure, ili nyumba za jirani zifikiwe mapema.