Kabla hujahamia chumba chako cha kwanza: ya darasani ya kwenda nayo

Kijana anayekwenda kupanga hukumbuka godoro, ndoo, sufuria na pazia. Akisahau ndoo atainunua kesho yake. Kinachokuja kumgharimu ni yale aliyofundishwa darasani, akayafanyia mtihani, kisha akayaacha hukohuko. Jipime kabla hujafunga mizigo.

Anza na asilimia. Mikopo ya kwenye simu hutangazwa kwa maneno matamu: riba asilimia 10 tu kwa mwezi. Chukua kalamu. Umekopa shilingi 100,000, hujarejesha kitu, na riba inaongezwa kwenye deni kila mwezi. Mwezi wa kwanza unadaiwa 110,000. Wa pili ni 121,000, si 120,000, kwa sababu riba nayo imetozwa riba. Mwaka ukiisha deni limefika 313,000 na ushee. Njia ya mkato ni kugawanya 72 kwa asilimia ya riba. Jibu ni miezi ambayo deni litachukua kujizidisha mara mbili, hapa miezi 7 na kidogo. Asiyeiweza hesabu hii asibonyeze kitufe cha kukubali.

Fizikia nayo utaikuta kwenye LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Uniti moja ni wati 1,000 zilizotumika kwa saa nzima. Hita ya kuchemshia maji ya wati 1,500 huimaliza kwa dakika 40. Taa ya wati 10 ingewaka saa 100. Kwenye nyumba ya kuchangia mita, watu hugombania taa ya uani huku mla umeme yuko ndani ya ndoo ya mtu.

Kwenye kemia ningekaza zaidi, maana hapa watu wanakufa. Baridi ya Juni na Julai huko Njombe au Mbeya humshawishi mtu aingize jiko la mkaa chumbani. Mkaa umekolea, moshi umekwisha, anaona sasa ni salama, anafunga dirisha na kulala. Kumbe mkaa unaowaka kwa hewa haba hutoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo hung'ang'ania damu mahali pa oksijeni kwa nguvu ya zaidi ya mara 200. Aliyelala hakohoi wala hashtuki. Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu. Atoke nje kwanza, maswali baadaye. Jiko lilale nje, hata kama limebaki na makaa machache tu.

Kwenye biolojia, weka ndani pakiti za ORS, chumvichumvi za kurudisha maji mwilini. Zikikosekana na mtu anaharisha, lita moja ya maji safi na salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya kilima. Chumvi ikizidi inadhuru, hasa mtoto. Na mafua hayatibiwi kwa antibiotiki, maana virusi haviuawi na dawa hizo, hata muuza duka akikuhakikishia.

Uraia ni mfupi: mkataba wa maandishi, risiti ya kila kodi, na namba mbili kichwani, 112 ya polisi na 114 ya zimamoto. Historia siilazimishi, 9 Desemba 1961, siku ya uhuru wa Tanganyika, haitakulipia pango, ingawa ni aibu kutoijua.

Jiografia ndiyo ya kutumia kabla hujatoa hela. Chumba cha bei poa kinachoonyeshwa Agosti hakijaonja masika, yaani Machi hadi Mei. Dar es Salaam, waliokaa bonde la Msimbazi wanakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, na hiyo hata masika haikuwa. Angalia ukuta kwa chini: rangi mpya iliyoishia usawa wa goti ina sababu. Maji yalifika wapi, muulize mama anayeuza genge jirani, usimuulize dalali.