Somo: Jinsi ya kuukagua mpira wa besiboli wenye saini za timu nzima

Mwaka wangu wa pili hapa New Jersey nilitapeliwa. Kwenye mnada wa vyombo vya mzee aliyefariki nilitoa dola 140 kwa mpira ulioitwa wa timu ya New York Yankees ya 1927, ukiwa na saini za mastaa wake: Babe Ruth yumo, Lou Gehrig yumo. Usiku huo sikulala. Asubuhi nikampelekea jirani yangu, mzee anayekusanya vitu hivi tangu ujana. Hakusoma hata saini moja. Aliugeuzageuza, akaweka ukucha chini ya jina dogo lililopigwa chapa kwenye ngozi, akaanza kucheka: Joseph E. Cronin.

Cronin alikuwa rais wa American League, moja ya ligi kuu mbili za besiboli Marekani (nyingine ni National League), kuanzia 1959 hadi 1973. Mwaka 1927 alikuwa kijana wa miaka 20 pale Pittsburgh, timu ile ile iliyochapwa na Yankees mechi nne kwa bila kwenye World Series, fainali ya ubingwa. Gehrig alifariki 1941, Ruth 1948. Tangu siku hiyo nauhoji mpira kwanza, saini baadaye.

Hatua ya 1: Soma chapa. Mipira rasmi ya enzi hizo ilibeba jina la rais wa ligi. Kwa American League: Ban Johnson hadi 1927, kisha Barnard hadi 1931, William Harridge hadi 1959, halafu Cronin. Kwa National League: Heydler hadi 1934, Ford Frick hadi 1951, Warren Giles hadi 1969, kisha Feeney. Chapa ikiwa ya baadaye kuliko timu, kazi imeisha, rudisha mpira mezani kwa mwenyewe. Kampuni nayo inasema kitu: Reach ilitengeneza ya American, Spalding ya National, Rawlings ikachukua zote 1977.

Hatua ya 2: Nyuzi na ngozi. Hadi 1934 mshono ulikuwa wa rangi mbili, nyekundu na bluu kwa American, nyekundu na nyeusi kwa National. Ngozi ilikuwa ya farasi hadi 1974, ikaja ya ng'ombe. Ila usishangilie mapema. Mipira ya zamani isiyosainiwa inauzwa, na matapeli wanaijua kuliko sisi.

Hatua ya 3: Wino. Bolpeni ilianza kuuzwa madukani Marekani Oktoba 1945. Kabla ya hapo watu walisaini kwa kalamu ya kuchovya au ya kujaza wino. Shika kioo cha kukuzia: bolpeni huacha kijifereji kwenye ngozi, wino wa maji haukwaruzi hivyo. Angalia pia kingo za herufi. Wino wa juzi juu ya ngozi kavu ya miaka themanini mara nyingi hutambaa pembeni kama chai kwenye tishu.

Hatua ya 4: Linganisha majina na orodha ya timu. Hapa ndipo napapenda. Chukua Brooklyn Dodgers wa National League, mabingwa wa 1955. Unataka chapa ya Giles, na saini za Jackie Robinson, Campanella, Snider, Podres, meneja Walter Alston, na labda kijana mgeni aitwaye Koufax. Ukimkuta Don Drysdale, mpira si wa 1955, maana alianza 1956. Robinson naye aliacha kucheza baada ya 1956, kwa hiyo hao wawili pamoja wanakubana kwenye mwaka mmoja tu. Sasa ukimkuta na Podres hapo hapo, uliza, kwa sababu 1956 alikuwa jeshini. Inawezekana alisaini siku nyingine, lakini anayeuza akueleze. Campanella alipata ajali ya gari Januari 1958 akapooza, na mwandiko wake ukabadilika. Saini ya baada ya ajali kwenye mpira unaouzwa kama wa 1955 ni dosari.

Hatua ya 5: Mkono. Mwisho kabisa. Wanaume ishirini na tano hawaandiki kwa mlalo mmoja na mkandamizo mmoja. Mmoja ana haraka, mwingine anajipamba. Herufi "a" ikijirudia ile ile kwa watu watano, aliyesaini ni mmoja. Na huyo si lazima awe tapeli: vijana wa vyumba vya kubadilishia nguo walisaini kwa niaba ya mastaa waliochoka, Mickey Mantle wa Yankees akiwamo. Mpira ni wa kweli, wa siku ile ile, na saini unayoilipia si yake. Huu ndio mtego unaowanasa hata wazoefu.

MASWALI

Wa kwanza, kutoka Ohio: Mwalimu, wangu una rangi ya asali na unang'aa kama meza. Ni feki?
Hapana, si kwa sababu hiyo. Zamani watu waliipaka vanishi wakidhani wanailinda, ikageuka njano. Usiikwangue, utatoka na wino.

Dada wa Minneapolis: Muuzaji ana cheti. Si kinatosha?
Dada yangu, feki zilizokamatwa na FBI kwenye Operation Bullpen, msako wao wa waghushi wa saini, zilikuwa na vyeti pia. Mchezaji Tony Gwynn wa San Diego Padres alikuta saini zake za kughushi kwenye duka la timu yake mwenyewe, na walikamata hata mipira yenye saini ya Mama Teresa. Uliza nani ametoa cheti na aliulinganisha mpira na nini.

Mwingine: Saini zimefifia. Naweza kuzipitia kidogo na kalamu?
Ukizipitia, wewe ndiye uliyesaini. Uweke mbali na jua, basi.

Na wewe, ule wa dola 140 uliutupa?
Ninao. Ndio ninaowaonyeshea wanaoanza. Nawapa kioo cha kukuzia, nawaambia waanzie kwa Gehrig: bolpeni ya bluu, kijifereji kimekaa vizuri kabisa.